Kompyuta Ikikwambia Ufomati, Kataa Kwanza

"Shikamoo dada. Nimechomeka flashi yenye mitihani ya muhula, kompyuta inasema lazima diski ifomatiwe ndipo itumike. Nikubali? Mwalimu mkuu anaitaka kesho asubuhi."

Marahaba, mdogo wangu. Usikubali. Bonyeza kughairi, chomoa flashi, iweke mbali na wenye haraka, halafu rudi hapa tuongee. Barua yako nimeitanguliza kwa sababu zinazofanana nayo ni nyingi, na wengine wengi wamekuwa wakiniomba niwafundishe kufomati kwa kuandika amri badala ya kubonyezabonyeza. Nitawajibu wote kwa pamoja leo. Someni mpaka mwisho kabla hamjagusa kibodi, maana nawajua, mkishaona amri tu mnakimbilia kuijaribu.

Ujumbe uliouona hausemi kwamba mitihani imefutika. Maana yake ni kwamba Windows imesoma mwanzo wa flashi na haikukuta mfumo wa faili inaoufahamu. Pengine flashi ilichomolewa wakati bado inaandikwa. Pengine mtu aliifomati kwa ext4 kwenye kompyuta ya Linux, na hiyo Windows haiisomi yenyewe hata kama kila kitu kiko salama. Pengine flashi imechoka. Katika hali zote hizo jibu la kwanza ni hapana, kwa sababu ukisema ndiyo, mfumo mpya unaandikwa juu ya ule wa zamani.

Chukulia ghala la mahindi lenye daftari moja mlangoni, linaloonyesha gunia la nani limelazwa wapi. Kufomati kwa haraka ni kulichana daftari hilo na kufungua jipya lisilo na jina hata moja. Magunia hayajatoka. Ila mzigo mpya ukiingia unapangwa popote, kwa kuwa daftari linasema ghala ni tupu. Ndiyo maana faili zilizofomatiwa zinaweza kuokolewa asubuhi, na jioni, mtu akishanakili filamu juu yake, zisiokoleke tena.

Kwa hiyo usiandike chochote kwenye flashi hiyo. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine, na kama kuna kaka au dada mwenye Linux, anza na yake. Ikigoma, kuna TestDisk na PhotoRec, programu mbili za bure za Mfaransa Christophe Grenier zinazokuja pamoja. TestDisk hujaribu kurudisha patisheni na mfumo wake wa faili. PhotoRec haijali mfumo wa faili. Inapekua diski mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama zinazoonyesha hapa inaanza picha, hapa inaanza hati ya Word, na kuzitoa. Majina hayarudi. Utapata faili zinazoitwa herufi f na tarakimu nyingi, itabidi ufungue moja moja mpaka uone "Kidato cha Pili, Hisabati". Inachosha, lakini ni afadhali kuliko kutunga mitihani upya usiku kucha. Na unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine, si kwenye flashi ileile.

Kuna kundi jingine linalofomati bure kabisa. Ninyi mliotoka steshenari kuchapisha CV, mkarudi nyumbani mkakuta folda zote zimegeuka shotikati za kilobaiti moja au mbili, na mkaamua kufuta flashi nzima kwa hasira. Jamani! Mara nyingi virusi vile havifuti kitu. Vinaficha folda zenu kwa kuzipa sifa ya faili fiche ya mfumo, halafu vinaweka shotikati yenye jina lilelile, ili ukiibonyeza uviwashe mwenyewe. Usibonyeze. Fungua dirisha la amri la Windows, hakikisha herufi ya flashi yako (hapa nasema ni E), uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo, kisha fungua flashi. Folda zako halisi zitakuwa zimejitokeza. Nakili unachokihitaji tu, hati na picha, usiguse faili yoyote usiyoijua. Hapo sasa ndipo ufomati. Kwenye Linux hata amri hiyo huihitaji, kwa sababu kwa kawaida Linux haiijali sifa ya kuficha ya Windows. Unachomeka na kila kitu kinaonekana, virusi navyo vikiwa vimekaa pale wazi bila uwezo wa kujiendesha.

Haya, tuseme umeshanakili vyako, au diski ni mpya, na kweli unataka kufomati. Amua kwanza itatumika wapi.

FAT32 ilikuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95, na mpaka leo ndiyo inayosomwa na kila kitu: redio ya gari, deki, spika zenye tundu la USB, runinga za zamani. Tatizo lake ni kwamba faili moja haiwezi kufika GB 4. Ndiyo maana unanakili filamu ndefu yenye picha safi, flashi ina nafasi tele, na bado unaambiwa faili ni kubwa mno. Nafasi ipo, tatizo ni kipimo cha faili moja. exFAT ya mwaka 2006 iliondoa kikwazo hicho, na ndiyo inayokuja kwenye kadi za memori zinazozidi GB 32. Microsoft ilichapisha maelezo yake ya kiufundi mwaka 2019, na mwaka huohuo ikaingia kwenye kerneli ya Linux, toleo 5.4. NTFS ni ya Windows tangu 1993, nzuri kwa diski za ndani. Ext4 ni ya Linux, ilitangazwa kuwa imara mwaka 2008, na runinga yako haitaijua hata uisihi.

Mie ushauri wangu ni huu: flashi ya kuzunguka nayo iwe exFAT, ya redio ya gari iwe FAT32, diski ya kuhifadhia nakala za kompyuta yako ya Linux iwe ext4. Kuna wataalamu watakaobisha. Wabishe.

Na hapa kuna siri ndogo kwa wenye magari. Mmenunua flashi ya GB 64, redio haiisomi, na Windows inakataa kabisa kuifanya FAT32. Flashi haina kosa. Kwa miaka mingi zana ya kufomati ya Windows imekuwa ikikataa kutengeneza FAT32 kwenye diski inayozidi GB 32, ingawa FAT32 yenyewe inamudu hadi TB 2. Linux haina kizuizi hicho. Amri yake iko hapa chini, na redio nyingi zitaipokea.

Sasa kwenye amri zenyewe, tukianza na za Linux. Nataka mnielewe vizuri hapa: kufomati kwenyewe ni mstari mmoja na sekunde chache. Kazi yote iko kwenye kujua unaandika juu ya diski ipi. Kwenye madirisha ya kubonyeza unaona picha ya flashi na jina lake. Kwenye terminali unaandika herufi tatu au nne, na kosa la herufi moja linatosha kufuta diski ya ndani ya laptopu badala ya flashi. Kwa hiyo tabia ya kwanza, kabla hujachomeka kitu, andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN,FSTYPE,LABEL,MOUNTPOINT

Tazama kilichopo. Chomeka flashi, subiri kidogo, andika tena. Kilichoongezeka ndicho chako. Usikisie.

Tuseme mara ya kwanza umeona sda ya 465.8G, chini yake sda1 na sda2, na sda2 imepachikwa kwenye mkwaju peke yake, yaani /. Hiyo ndiyo diski inayoendesha kompyuta yako, usiiguse. Mara ya pili imeongezeka sdb ya 29.8G, safu ya TRAN inasema usb, na chini yake sdb1 yenye vfat. Hiyo 29.8 isikutishe, hujaibiwa. Muuzaji anahesabu kwa elfu, lsblk inahesabu kwa 1024, ndiyo maana 32 ya kwenye paketi inakuwa 29.8 na 500 inakuwa 465 na ushee. Kwenye laptopu mpya diski ya ndani inaweza kuitwa nvme0n1 na patisheni zake nvme0n1p1, nvme0n1p2. Kadi ya memori iliyowekwa kwenye tundu la laptopu mara nyingi ni mmcblk0. Ukubwa, modeli na usb: vyote vitatu vikilingana na kitu ulichokishika mkononi, endelea. Kimoja kikikataa, simama.

Na majina hayo si ya kudumu. Sdb ya leo kesho yaweza kuwa sdc, kwa kuwa tu ulichomeka modemu kwanza. Kwa sababu hiyo nawakataza kitu kimoja mnachokipenda sana: kubonyeza mshale wa juu kuiita amri ya jana ya kufomati na kugonga Enter. Amri ya kufomati huandikwa upya kila mara, baada ya lsblk ya muda huohuo. Vilevile, msinakili amri za kwenye video za watu mkazigonga kama zilivyo. Yule bwana wa kwenye video, sdb yake si sdb yako.

Ukishaijua diski, ipachue:

sudo umount /dev/sdb1

Ni umount, bila n ya kwanza. Ikikujibu kwamba ina shughuli, basi kuna dirisha la folda liko wazi au terminali nyingine imekaa ndani yake. Andika sudo fuser -vm /dev/sdb1, itakuonyesha nani anaishikilia. Kumbuka pia kwamba sudo ikishapokea nenosiri, kwa dakika kadhaa zinazofuata haikuulizi tena. Mnaofikiri nenosiri litawapa nafasi ya kujifikiria upya mnajidanganya.

Kisha chagua mmoja kati ya mistari hii:

sudo mkfs.vfat -F 32 -n MUZIKI /dev/sdb1

sudo mkfs.exfat -L MUZIKI /dev/sdb1

sudo mkfs.ext4 -L AKIBA /dev/sdb1

Angalia mwisho wa kila mstari: sdb1, si sdb. Sdb ni diski nzima pamoja na jedwali lake la patisheni. Sdb1 ni patisheni ya kwanza iliyomo. Flashi nyingi zinatoka dukani zikiwa na patisheni moja, kwa hiyo unafomati hiyohiyo. Kama haipo, au jedwali limeharibika, utalitengeneza kwa fdisk, ambayo ina ustaarabu wake: unaweza kufuta na kuunda patisheni humo ndani kadiri upendavyo, na hakuna kinachoandikwa kwenye diski mpaka ubonyeze w. Ukichanganyikiwa, bonyeza q, unatoka na hakuna kilichoharibika. Mkfs haina w wala q.

Lebo nayo muipe. MUZIKI, AKIBA, KAZI, chochote. Kwenye FAT mwisho ni herufi 11, kwenye ext4 ni 16. Mtanishukuru siku mtakapokuwa na flashi tatu nyeusi zinazofanana.

Halafu kuna mtego kwenye hiyo -n. Kwa mkfs.vfat, -n ndiyo inayotangulia jina. Kwa mkfs.ext4, -n maana yake "usifanye kitu, nionyeshe tu ungefanya nini". Wapo waliogonga mkfs.ext4 yenye -n, wakaona maandishi yamejaa skrini, wakadhani wamemaliza, kumbe diski iko vilevile. Ukishaujua, mtego huo unageuka faida. Kama una wasiwasi, igonge kwanza na -n uone ukubwa inaoutaja, kisha uiondoe.

Mkfs.ext4 ina jambo jingine ninalolipenda. Ikikuta tayari kuna mfumo wa faili pale, inasita na kukwambia: hapa pana vfat yenye lebo fulani, niendelee? Jibu lake la kawaida ni hapana, ukigonga Enter tu inaacha. Soma lebo inayoitaja. Ikitaja jina la diski ambayo hukuikusudia, umeokoka. Na patisheni ikiwa bado imepachikwa, inakataa moja kwa moja. Mkfs.vfat haina tabia hiyo ya kuuliza kilichokuwemo; inafomati na kukurudishia mstari mtupu. Wengi wenu ndiyo mtakayoitumia zaidi, kwa hiyo rudini kwenye lsblk.

Ukitumia ext4, usifunge terminali upesi. Itakuandikia UUID, kitambulisho ambacho hakibadiliki hata sdb ikigeuka sdc, na chini yake orodha ya namba: 32768, 98304, 163840 na kuendelea. Hizo ni sehemu zilipowekwa nakala za taarifa kuu za mfumo wa faili. Mwanzo wa diski ukiharibika, e2fsck yaweza kuambiwa ianzie kwenye nakala, kwa mfano:

sudo e2fsck -b 32768 /dev/sdb1

Kisha utaipachika diski yako mpya, ujaribu kuweka faili, na utaambiwa huna ruhusa. Hapo barua zinaanza kumiminika: dada, imeharibika. Haijaharibika. Ext4 huhifadhi mwenye mali, na wewe uliifomati kwa sudo, kwa hiyo mwenye mali ni root. Jimilikishe:

sudo chown $USER /media/jina-lako/AKIBA

Folda ya lost+found mtakayoikuta humo iacheni, ni mahali ambapo fsck huweka vipande vya faili ilivyoviokota baada ya ajali. Na kwenye diski kubwa, jueni kwamba ext4 hujiwekea asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root. Kwenye diski ya TB 1 hiyo ni GB 50 hivi. Kwa diski ya mfumo ina maana, inaiokoa kompyuta isikwame nafasi ikijaa. Kwa diski ya kuhifadhia picha za harusi haina maana yoyote. Andika sudo tune2fs -m 0 /dev/sdb1 uirudishe.

Wenye Windows sijawasahau. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

format E: /FS:exFAT /V:MUZIKI /Q

Kwa flashi itakwambia uingize diski mpya kwenye E na ubonyeze Enter, desturi iliyobaki tangu enzi za diski laini. Kwa diski ya ndani ni kali zaidi: inakutaka uandike lebo ya sasa ya diski hiyo, na ukikosea haifomati. Hiyo ni sababu nyingine ya kuzipa diski majina yanayoeleweka. Flashi ikiwa imevurugika zaidi, kuna diskpart: list disk, kisha select disk 1, na hapo usiende mbele. Andika list disk tena. Nyota ndogo itakuwa pembeni ya diski uliyoichagua. Soma ukubwa wake. Disk 0 kwa kawaida ndiyo ya ndani. Ukishahakiki, clean, create partition primary, kisha format fs=exfat quick, kisha assign. Ile clean haiulizi swali lolote, ndiyo maana nawang'ang'aniza na nyota. Wenye Mac, diskutil list inawaandikia kabisa pembeni ipi ni ya ndani na ipi ni ya nje, hamna kisingizio.

Kabla ya kuchomoa, kwenye Linux andika sync na usubiri mstari urudi, kisha upachue. Kunakili kukionekana kumekwisha kwenye skrini, mara nyingi data bado iko kwenye memori ikisubiri kuandikwa. exFAT na FAT32 hazina jarida la kumbukumbu kama la ext4 au NTFS, kwa hiyo ukizing'oa katikati, hakuna pa kurejea. Ule ujumbe wa "lazima ifomatiwe" wengi wenu mmejitengenezea wenyewe kwa njia hiyo.

Tuje kwenye flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa TB 2. Nimeulizwa mbona zinafomatiwa vizuri lakini nyimbo zinaharibika baada ya muda. Kwa sababu kufomati hakupimi ukubwa wa kweli. Mkfs inaiuliza flashi "una nafasi kiasi gani?" na flashi iliyochezewa inajibu uongo. Mfumo wa faili unajengwa kwa ukubwa huo wa uongo, na unachoweka mwanzoni kinakaa vizuri. Ukishavuka nafasi halisi, kinachoandikwa kinapotea au kinafuta cha mwanzo, na majina ya faili bado unayaona yamepangwa vizuri. Dawa ni kuijaribu siku uliyoinunua. Kwenye Linux kuna f3: f3write inaijaza flashi na faili za majaribio, f3read inazisoma na kukwambia kiasi gani kiko sawa na kiasi gani kimepotea. Kwenye Windows kuna H2testw. Inachukua muda, kwa flashi kubwa hata usiku mzima, iache ifanye kazi ulale. Kimepotea kingi? Irudishe ilikonunuliwa, na matokeo uyaonyeshe.

Na mwisho, wadogo zangu wa kike hasa, hili msilichukulie juujuu. Mnauza laptopu, mnagawa diski za nje, mnapeleka kwa fundi, na mnasema "nimeshaifomati". Tumeona kwamba kufomati kwa haraka hakufuti kitu. PhotoRec inayookoa mitihani ya mwalimu ndiyo hiyohiyo itakayotoa picha zako, kitambulisho chako ulichoskani, na vyeti vyako, kwa mtu asiye na haja ya nenosiri lako lolote. Kwa diski ya kizamani, ile inayozunguka kwa ndani, futa kwa kuandika sifuri mwanzo hadi mwisho. Kwenye Windows, format bila /Q hufanya hivyo tangu enzi ya Vista. Kwenye Linux ni:

sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sdb bs=4M status=progress

Hapo tunataja diski nzima, sdb bila namba, kwa hiyo uangalifu uwe mara mbili. Dd haiulizi, na ikishaanza hata ukiikatiza haraka mwanzo wa diski umeshaondoka. Diski ya nje ya TB 1 itachukua saa kadhaa.

Kwa SSD na flashi, sifuri hazitoshi kukuhakikishia, kwa kuwa ndani yake kuna kidhibiti kinachohamisha data huku na huko, na baadhi ya vipande vya zamani vinaweza kubaki mahali ambapo amri zetu hazifiki. Dawa yake ni kuanza vizuri: simba diski kwa nenosiri tangu siku ya kwanza, kabla hujaweka picha hata moja. Windows ina BitLocker kwenye matoleo ya Pro. Kwenye Linux ni cryptsetup luksFormat, ambayo haikubali y wala Enter. Inakutaka uandike YES kwa herufi kubwa, kisha ndani ya diski hiyo iliyofungwa ndipo unapotengeneza ext4 yako. Siku ya kuiuza, vipande vitakavyobaki havisomeki bila ufunguo. Ila nenosiri hilo ukilisahau, usiniandikie, sitakuwa na la kukusaidia, na fundi anayesema analo anataka hela yako tu.

Kwa mengine yote niandikieni. Lakini mkitaka niwape amri kamili ya kugonga, ambatanisheni mlichokiona kwenye lsblk, yote, kuanzia mstari wa juu mpaka wa chini. Barua isiyo nacho nitaijibu kwa kuomba hicho tu.